Mzizi Una Mlango Wake

Hanbawi, 18 Februari 2006

Mjukuu wangu Se-yeon,

Ukiona mwandiko wangu usishtuke, hakuna aliyekufa. Simu ninayo, ila sikio la kulia halisikii na la kushoto linasikia linachotaka. Tena sikujifunza kuandika uzeeni, na magoti haya, kwenye darasa la ukumbini, ili nije nikupigie kelele kwenye waya.

Vitunguu saumu vyangu vinakufa. Sikusema vinaumwa.

Msimu wa joto uliopita, siku ya kumwandalia marehemu babu yako meza ya kumbukumbu, nilisahau kuhamisha mashada yaliyoning'inia barazani. Unajua marehemu hawaingii nyumba inayonuka kitunguu saumu. Chakula chao tunakipika bila hicho, na kila mwaka mashada nayapeleka kwa jirani, Mama Chil-gu, mpaka babu yako ale aondoke. Mara ile nilikumbuka nimeshamimina pombe. Nikanyanyuka kwenda kuyatoa, nikasimama chini yake, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikatafuna punje mbichi, kama natafuna kiazi. Nikajua ni mimi: pua imezeeka, ulimi umekufa. Mtu mzima hatangazi kufa kwake kipande kipande.

Wiki hii baba yako amekuja, kaonja kimchi, kabichi yangu ya kuchachusha, kaniambia, "Mama, siku hizi kitunguu saumu unakionea uchungu?" Nami nilikuwa nimetia mara mbili ya kawaida. Basi si ulimi wangu.

Na shambani majani ni ya njano. Nimetia mbolea ya yurea, hayakusikia. Nimetia tena, yamezidi.

Usije ukaniambia ninunue mbegu. Punje ninazozika ni zile zile alizonipa mama mkwe wangu, naye alipewa na mama mkwe wake, kutoka kichwa hadi punje, punje hadi kichwa, haijaingia ya mtu mwingine. Kila mwaka vichwa vimekuwa vikipungua. Safari hii nimezika karibu vyote, nikabakiza vichache tu vya kuponda. Visipojaza kabla ya mwezi wa sita, Oktoba sina cha kuzika, na kitunguu cha nyumba hii kitakuwa kimekwisha mikononi mwangu. Wakwe zangu wote wamelala pale kilimani wananingoja. Nikifika nitawaambia nini, kwamba kilinishinda?

Baba yako anasema umesomea mizizi. Miaka yote hiyo unaitazama mizizi ya watu. Itazame na ya bibi yako.

Ni mimi, Ok Jeom-rye


Suwon, 24 Februari 2006

Bibi,

Nakuinamia kutoka huku mpaka paji la uso liguse sakafu.

Pua yako ni nzima. Nilipokuja mwaka mpya nilitafuna punje jikoni ukiwa nje, nikashangaa. Sikukuuliza kwa sababu nilidhani umeanza kununua vya dukani, na nilijua ukisikia swali hilo ungenifukuza na mwiko.

Nina maswali mawili, usinicheke. Majani yaliyogeuka njano ni yapi: yale ya chini ya zamani, au machanga ya katikati? Na je, ukiyashika ni membamba, yamesimama wima kama yanaogopa?

Ng'oa mimea michache na udongo wake, funga kwenye gazeti lenye maji, umpe dereva wa basi la asubuhi. Nitaipokea kituoni.

Na tafadhali, Bibi, acha yurea kwanza.

Mjukuu wako, Se-yeon


Hanbawi, 3 Machi 2006

Se-yeon,

Njano ni njano, nilisema, mtoto huyu amelipiwa shule ili aulize maswali kama haya. Kisha nikaenda shambani kukuonyesha ulivyo mjinga, nikainama.

Ni machanga. Ya katikati yamepauka kama mtoto mwenye minyoo, na ya chini, yale mazee, yako kijani, yamejilaza, hayana habari. Nimekasirika. Wakati wa vita, nikiwa binti, mama yangu alikuwa anakunywa maji ya moto na kutuambia ameshiba. Mmea gani huu ambao wazee wanakaa na kitu mdomoni watoto wanakufa njaa mbele yao? Nimeyakanyaga mawili matatu.

Mimea nimempa dereva. Amelalamika basi litanuka udongo. Nimemwambia heri udongo kuliko soksi zake.

Yurea nilikuwa nimeshatia tena kabla barua yako haijafika. Usinigombeze, siwezi kuichota.

Mama Chil-gu naye shamba lake ni hivyo hivyo, ila yeye haumii, mbegu yake ni ya kununua. Jana kaegemea ukuta wangu, kasema, "Dada Jeom-rye, mlikaa mkeka kwa mkeka mkigoma mlangoni pa kituo cha umeme wa makaa mpaka wakaanza kuosha moshi wa bomba lao. Mmeuosha pamoja na vitunguu vyetu."

Nikamjibu, "Wewe hukukaa kwa sababu makalio yako yaliogopa baridi. Sasa yanataka kuzungumza."

Mjinga yule. Moshi ule babu yako aliubeba kifuani miaka yote aliyopakua makaa pale, akawa analala amekaa kwa sababu akilala chini hapumui. Moshi uliomuua mtu ndio uliokuwa dawa ya kitunguu? Nijibu kuhusu mimea.

Ok Jeom-rye


Suwon, 12 Machi 2006

Bibi,

Mimea nimeipokea. Dereva anakusalimu na anasema soksi ni mpya.

Si ugonjwa. Ni njaa, na njaa yenyewe ni ya salfa. Salfa ndiyo inayokipa kitunguu saumu ukali wake, ndiyo inayokuliza ukikiponda. Isipokuwepo, kitunguu kinaota lakini hakina kinywa. Na jani zee likishaijenga mwilini mwake haliwezi kuibandua limpe mtoto. Si uchoyo, Bibi, usiyakanyage.

Nikueleze ninachokitazama hapa miaka yote. Kwenye mzizi kuna milango midogo ya kuingizia salfa, na haikai wazi ovyo. Jani likishiba linapeleka habari chini, tunayo ya kutosha, na mzizi unafunga mingi unaacha michache. Jani likipungukiwa, habari ile inakatika. Mzizi ukiona kimya unaelewa, unaanza kufungua, na kama haitoshi unajenga mingine mipya, mpaka mzizi mzima unakuwa mdomo.

Mizizi yako nimeipima. Milango yote iko wazi, Bibi. Sijawahi kuona iliyofunguka hivyo. Iko wazi na hakuna anayeingia.

Yurea imezidisha, kwa sababu imeuambia mmea ukue, na cha kukulia hauna.

Nimekupatia jasi, unga mweupe. Salfa iliyomo mzizi unaweza kuimeza siku ile ile ikiyeyuka. Lori la ushirika litakushushia mifuko. Nyunyiza kabla ya mvua, usingoje. Kitunguu kikishaanza kupasua kichwa kuwa punje, kitakachokuwa kimekosa hadi hapo hakitapata tena.

Kwa nini salfa imekwisha shambani, tutaongea nikija.

Se-yeon


Hanbawi, 19 Machi 2006

Se-yeon,

Darasani pale ukumbini, neno la kwanza nililojifunza kuandika ni jina langu. La pili ni jina la babu yako. La tatu mwalimu aliniuliza ninataka lipi, wenzangu wakataka majina ya wajukuu. Mimi nikataka jina la kile kituo cha umeme, ili nilitambue popote litakapojificha.

Limeandikwa kwenye mifuko yako. Kwa wino wa buluu.

Nikamuuliza kijana wa lori, "Hiki ni nini?" Akaniambia, tena kwa kujisifu, "Bibi, si ndio ule moshi. Wanauosha kwa maji ya chokaa, unaganda, unakuwa huu unga. Hautupwi siku hizi."

Umenifungia moshi uliomuua babu yako kwenye mfuko, ukaniletea mlangoni, ukaniambia nyunyiza.

Na ulijua. Niliandika maneno ya Mama Chil-gu, hukuyagusa. Nimechukua barua yako nikaisoma tena kwa kidole. Mahali palipotakiwa jibu umeandika tutaongea nikija.

Mifuko nimeiburura mpaka barabarani. Usije.

Ok Jeom-rye


Suwon, 23 Machi 2006

Bibi,

Nilijua tangu nilipouona udongo. Niliogopa. Nilikuwa mdogo nilipokuja na mama kukuletea chakula pale mlangoni, umejifunga blanketi, nyusi zina barafu, unamwambia mlinzi mkuu kwamba mwanawe angemwonea haya. Ningekuandikia vipi?

Mama Chil-gu hakukosea. Moshi ulikuwa na salfa, mvua ikaishusha, na mashamba ya ghuba nzima yakala miaka na miaka bila mtu kujua. Moshi ulipoanza kuoshwa, mvua ikawa maji tu. Udongo ukamaliza akiba yake polepole, ndiyo maana vichwa vikapungua kidogo kidogo.

Nikasirikie mimi, lakini nyunyiza. Jasi hii imepimwa, haina sumu ya makaa, nimeipima mimi mwenyewe tena. Na hakuna nyingine itakayofika kwa wakati. Nimeuliza kila mahali.

Bibi, nakuomba. Siku zinakwenda.

Se-yeon


Hanbawi, 1 Aprili 2006

Se-yeon,

Nimepata salfa yangu. Binamu wa babu yako mwenye mipeasi kanipa ya njano, ile ya kupulizia miti, safi, haijapita kwenye bomba la mtu. Nimeimwaga shamba zima kwa mikono hii. Sikuhitaji mfuko wako.

Nimengoja. Mvua imenyesha. Majani yamepauka zaidi. Ya matuta ya juu unaona mwanga ng'ambo.

Silali. Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Umesema mashamba yalikula. Basi na mimi nilikula. Miaka ile babu yako anakohoa chumbani hadi ukuta unatetemeka, mimi nilikuwa naning'iniza mashada makubwa kama kichwa cha ndama, watu wanakuja kunisifu, "Jeom-rye ana mkono," nami naitikia kwa kichwa. Ulikuwa mkono wa nani? Kilichokuwa kinamla yeye ndicho kilichokuwa kinanilisha mimi, mezani pamoja, bakuli hili na hili. Na nilipokizuia kisimle, alishakwisha, na sasa kinaondoka na kitunguu cha mama yake.

Nieleze hilo kwa elimu yako. Kama huna, nyamaza.

Jeom-rye


Suwon, 5 Aprili 2006

Bibi,

Salfa ile ya njano mzizi hauwezi kuimeza. Ni lazima vijidudu vya udongo viitafune kwanza, na kwa baridi hii bado vimelala. Itafaa wakati wa joto, vitunguu vikiwa vimeshang'olewa. Samahani. Ningekuambia kama ungeniuliza, na ungeniuliza kama ningekuambia kweli mapema.

Uliyoniuliza mengine nimekaa nayo. Nina jambo moja tu, na silijui kutoka kitabuni, nalijua kwa kuitazama mizizi.

Mzizi una mlango. Hata mvua ile ilipokuwa na salfa ya kufurika, kitunguu kilichukua cha kukitosha, kikapeleka habari, kikafunga. Kingine kikapita na maji. Kifua cha babu hakikuwa na mlango. Mtu hawezi kusema nimeshapumua vya kutosha, fungeni. Kila kilichokuja kiliingia. Bibi, hamkula kitu kimoja. Kitunguu kilichagua. Yeye hakupewa nafasi ya kuchagua, na ninyi mlikaa barafuni mkawa mlango wake, mkachelewa kwa sababu mlicheleweshwa, si kwa sababu ya mkono wako.

Na kile kilicho kwenye mfuko ni kile mlichokizuia. Kingekuwa angani leo, kwenye kifua cha mtu mwingine. Kiko mfukoni kwa sababu yenu.

Mizizi bado imefungua. Nimeipima tena jana ile michache iliyobaki. Mmea ukikata tamaa huacha kujenga milango. Wako haujaacha. Lakini vichwa vitaanza kugawanyika wiki hii au ijayo.

Se-yeon


Hanbawi, 14 Aprili 2006

Se-yeon,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Baadhi ya maneno nimemwomba mwalimu wa ukumbini anisomee, akaanza kulia, nikamnyang'anya.

Asubuhi nikachukua toroli kwenda barabarani. Mifuko haipo. Alama ya kuburutwa inaelekea kwa Mama Chil-gu.

Nimemkuta shambani kwake, ndoo mkononi, mweupe hadi kwenye nyusi kama mzimu wa unga. Na majani yake, nikuambie, yameanza kuwa kijani katikati.

Nikasema, "Mama Chil-gu, hivyo vitu ni vyangu."

"Vya barabarani ni vya aliyeokota, dada. Ulivitupa kijiji kizima kinaona. Ulimtukana hadi mama wa mtengenezaji."

"Nirudishie."

"Vimeshakwisha. Umebaki mmoja, nao nusu." Akaukalia. Mtu mzima, akaukalia ule mfuko. "Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Mjukuu wangu, tangu niolewe kijiji hiki sijawahi kumwomba yule mwanamke hata chumvi; mashada namwachia mlangoni, siombi. Wakwe zake na wakwe zangu waligombea mfereji kabla hatujazaliwa. Nikatazama matuta yangu kule juu, njano tupu. Nikapiga magoti, haya haya yanayouma, kwenye tope lake. Nikasema, "Nilikosea kuhusu vitunguu. Kuhusu moshi sikukosea. Nipe nusu hiyo, ni mbegu ya mama mkwe wangu."

Kisha akasema, "Nyanyuka, Jeom-rye, unanitia haya. Mimi sikukaa mlangoni pale kwa sababu mwanangu Chil-gu alikuwa anapata mshahara ndani. Hukuwahi kuniuliza." Akainuka, akaupandisha mfuko kwenye toroli mwenyewe, akasukuma yeye.

Nusu mfuko. Umetosha tuta la chini tu, na hilo nalo kwa kubana. Matuta ya juu nimeyapita nikiwa nimeangalia pembeni, kama mtu anayepita kwa jamaa ambao hakuwaalika harusini. Mvua imeanza usiku huu. Nimekaa barazani naisikiliza.

Usiniandikie mpaka nikuandikie. Siwezi kusoma chochote sasa.

Ok Jeom-rye


Hanbawi, 21 Juni 2006

Se-yeon,

Nakuandikia.

Matuta ya juu yamekwisha. Nimeng'oa mwenyewe, sikutaka baba yako aone. Vilikuwa mviringo mtupu, kama kidole gumba, havikugawanyika, hakuna punje ndani ya kuzika. Nilivikata kimoja kimoja nikidhani labda kinachofuata. Hakuna. Nimevifukia pale pale. Nikakaa kwenye mfereji mpaka jua likageuka.

Tuta la chini nililiacha siku kadhaa, naogopa. Mama Chil-gu akaja na jembe lake, hakuitwa, akang'oa cha kwanza akanitupia. Si kikubwa. Nikakikwaruza kwa ukucha, nikakisogeza usoni, jicho likauma. Nikafuta pua kwa mkono wa tope kama mtoto. Yule mwanamke akasema, "Analia huyu." Nikamwambia ni kitunguu. Akasema ndiyo, hata machozi yake yeye ni kitunguu.

Vilivyopatikana ni vya kuzika tuta moja. Havitaliwa hata kimoja mwaka huu, mimi kimchi nitakitia kitunguu cha dukani kama mjane wa mjini. Kutoka tuta moja mpaka shamba zima nahesabu sitafika. Wewe labda utafika. Sikuagizi, nakuambia tu kilipo.

Jana ilikuwa siku ya meza ya babu yako. Mchana nikapeleka mashada kwa Mama Chil-gu kama zamani. Kasimama mlangoni kaziba pua, "Dada, peleka mbali, na mimi nina marehemu wangu, nao wana pua." Akayachukua. Nikarudi, nikafagia baraza, nikafungua madirisha yote, nikapanga samaki, nikamimina pombe. Bado nyumba ilinuka. Mikono yangu ilinuka. Nimesugua kwa majivu, kwa siki, haitoki.

Nimeketi mpaka mshumaa ukaisha. Sijui kama aliingia. Nadhani alisimama nje kwenye ngazi, akasikia harufu, akajua kitunguu cha mama yake bado kipo, akarudi zake bila kula. Hajawahi kuwa mtu wa kulalamikia chakula.

Oktoba njoo tuzike. Magoti yangu hayatafika mwisho wa tuta. Lete na jasi.

Mfuko ugeuze, jina liwe ndani.

Bibi yako, Ok Jeom-rye